Namna ya Kuandika Habari za Miungu wa Bloodborne kutoka Vinywani mwa Waliowataka

Mtu anayemaliza Bloodborne kwa mara ya kwanza hubaki na maswali ambayo mchezo wenyewe haukumjibu: ni mtoto gani aliyekuwa akilia usiku ule, wale viumbe wenye mikono mingi walioning'inia kwenye kuta za kanisa walitoka wapi, na kwa nini watu waliokuwa wakisali ndio walioharibika kuliko wote. Mchezo huu wa kampuni ya Kijapani FromSoftware, uliotoka Machi 2015 kwa ajili ya PlayStation 4 na kuongezewa sehemu iitwayo The Old Hunters mwezi Novemba mwaka huohuo, hauna msimulizi anayekaa nawe kukueleza nani alimzaa nani. Habari za miungu wake zimetawanywa katika maelezo mafupi ya vifaa unavyookota, katika karatasi zilizoachwa sakafuni, na katika maneno ya watu wanaozungumza nawe kupitia madirisha yaliyofungwa.

Mwelekezi wa mchezo huo, Hidetaka Miyazaki, amewahi kueleza kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akiazima maktaba vitabu vilivyozidi uwezo wake wa kusoma, na pale asipoelewa aliziba pengo kwa kuwaza, akisaidiwa na michoro. Sisi tunaoucheza Bloodborne kwa Kiingereza, huku tukifikiri kwa Kiswahili, tunaijua hali hiyo vizuri. Hata hivyo, kuziba pengo kwa kuwaza ni jambo moja, na kuandika habari ambayo msomaji mwingine ataitegemea ni jambo lingine. Mwongozo huu unahusu hilo la pili.

Tayarisha daftari kabla ya kuanza

Chukua daftari la karatasi au jedwali kwenye kompyuta, na uligawe katika safu nne: maneno yenyewe, aliyeyasema, mahali ulipoyapata, na kile ambacho msemaji anakitaka. Safu hiyo ya nne ndiyo watu wengi huiruka, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Katika Bloodborne karibu hakuna mtu anayeutaja ulimwengu wa miungu bila kuwa na haja nao. Wasomi wa chuo cha Byrgenwerth wanataka akili ipae, Kanisa la Uponyaji linataka damu, kundi la Mensis linataka kusikilizwa, na wavuvi wa kile kijiji cha pwani wanataka kulipiza kisasi. Kila mmoja anamweleza mungu kwa umbo la haja yake.

Mbele ya kila sentensi weka moja ya alama tatu utakazozichagua mwenyewe: ya kwanza kwa jambo lililoandikwa wazi mchezoni, ya pili kwa jambo lililoonyeshwa tu kwa macho au kwa mpangilio wa vitu, na ya tatu kwa jambo ulilolikisia. Mimi nilianza bila alama hizo, na matokeo yake ni kwamba kwa miezi kadhaa niliamini, na kuwaambia wenzangu kwa uhakika wote, kwamba Oedon, mmoja wa miungu hao, ndiye baba wa mtoto Mergo, yule anayesikika akilia. Niliporudi kutafuta kifaa kinachosema hivyo sikukiona. Huenda ni kweli, na hoja zake si mbaya, lakini ilikuwa dhana yangu niliyoivika nguo za ushahidi.

Amua maneno yako kabla ya kutafsiri

Viumbe wanaozungumziwa hapa kwa Kiingereza huitwa Great Ones, na kwa Kijapani huitwa jōisha, yaani walio wa daraja la juu. Hakuna mungu katika neno hilo. Neno la mungu lipo mchezoni, ila ukilifuatilia utaliona zaidi kwenye midomo ya watu wa dini: Alfred, yule mwindaji mwenye adabu nyingi, anapokueleza asili ya Kanisa, huyaita mapango yaliyo chini ya mji wa Yharnam kaburi la miungu. Kwa hiyo ninapendekeza uandike "Wakuu" unapoeleza viumbe wenyewe, na "miungu" pale tu unaponukuu anayewaabudu. Tofauti hiyo ndogo inamwonyesha msomaji, bila maelezo marefu, kwamba kiumbe alikuwepo kwanza na ibada ikaja baadaye.

Kiswahili kinatusaidia mahali pamoja na kutukwamisha mahali pengine. Maelezo ya Kiingereza humtaja Oedon kama mwanamume, ilhali kiambishi chetu "a-" hakijali jinsia, na hivyo unaweza kumweleza ukurasa mzima bila kuamua jambo ambalo huna haja ya kuliamua. Kwa upande mwingine, buibui Rom, ambaye Kiingereza kinamwita kwa neno la staha lenye maana ya aliye mtupu kichwani, katika Kijapani anaitwa kwa neno hakuchi, ambalo ni kali zaidi na linakaribia "punguani" letu. Nimechagua punguani. Jina hilo linaumiza kidogo, na nadhani linapaswa kuumiza, kwa kuwa huyu ndiye aliyepata kile ambacho wasomi wenzake wote walikuwa wakikililia.

Majina ya Wakuu wengine ni vidokezo kamili, na ni bora kuyafungua mapema. Amygdala ni neno la Kigiriki lenye maana ya lozi, ambalo wataalamu wa mwili walilipa sehemu ya ubongo yenye umbo hilo, inayohusika na hofu. Mtazame kiumbe mwenyewe: kichwa chake ni lozi kubwa yenye matundu, na ndani ya matundu macho yanachungulia. Kisha kumbuka kwamba kifaa kinachokuwezesha kunyakuliwa na kiumbe huyo ni kijiwe cha tezi za koo, zile zinazovimba mtu anapougua mafindofindo, nazo kwa Kijapani huitwa kwa neno lililotokana na hilohilo la lozi. Lozi, koo na hofu vimefungwa katika fundo moja, na anayekupa kijiwe hicho ni sauti ya mtu aliye nyuma ya mlango, ambaye huoni hata uso wake. Ebrietas, kwa upande wake, ni Kilatini cha ulevi, naye ndiye Mkuu aliyehifadhiwa na viongozi wa Kanisa katika mji ambao wakazi wake wanalewa damu kuliko pombe.

Fanya zoezi moja kikamilifu: vipande vinne vya kiungamwana

Badala ya kuwakimbilia Wakuu wote kwa pamoja, anza na kifaa kimoja kinachopatikana mara nne na kubadilisha maneno kila mara. Kifaa hicho ni theluthi ya kiungamwana, yaani kitovu cha mtoto wa Mkuu. (Ndiyo, ni theluthi nne. Unahitaji kutumia tatu tu ili kufikia mwisho wa siri wa mchezo, na hesabu hiyo imewachekesha wachezaji tangu siku ya kwanza.) Kwetu sisi ambao bado tunasema mtu kwao ni pale kitovu chake kilipozikwa, kitovu kinachookotwa, kinachoporwa na kutumiwa na mgeni kina uchungu wa ziada.

Kipande cha kwanza kimo katika karakana ya zamani iliyotelekezwa, jengo linalofanana kabisa na lile la ndotoni unakorudi kupumzika. Maelezo yake yanasema kwamba kila Mkuu humpoteza mtoto wake na kisha humtamani wa kuziba nafasi, na kwamba kiungamwana hicho ndicho kilichosababisha kukutana na mwezi mweupe ulioita wawindaji na kuzaa ndoto yao. Cha pili hutoka kwa mwanamke anayejifanya daktari Iosefka katika zahanati, na hapo maneno yanamhusu mkuu wa chuo, Willem, aliyetaka kuuzungushia ubongo wake macho ili binadamu afikie daraja la Wakuu. Cha tatu hudondoshwa na yaya wa Mergo, na kinasema kwamba kwa kiungamwana hicho watu wa Mensis walipata kukutana na Mergo, ila bongo zao zikazaliwa mfu. Cha nne ndicho cha Arianna.

Hapa tulia kidogo, kwa sababu mfano huu unaonyesha kazi yote inavyofanyika. Arianna ni mwanamke anayejiuza, unayeweza kumwelekeza akimbilie hifadhi katika kanisa dogo la Oedon. Akiwa hapo hukupa damu yake, na maelezo ya damu hiyo yanadokeza kwamba mtu wa Kanisa la zamani angetambua kuwa inafanana na damu iliyowahi kupigwa marufuku. Usiku unapozidi, baada ya mwezi kugeuka mwekundu, analalamika kuwa hajisikii vizuri. Baadaye utamkuta chini karibu na kaburi la Oedon, ameketi mbele ya kitu alichokizaa, akicheka na kulia kwa pamoja. Kiungamwana unachokipata hapo kinamtaja Oedon kwa jina, kwamba naye hakusalimika na ule msiba wa kupoteza mtoto, na kinastaajabu kuwa ni damu chafu iliyoanzisha mahusiano hayo.

Sasa fungua alama iitwayo Oedon asiye na umbo, mojawapo ya zile za Caryll, mtu wa Byrgenwerth aliyezinakili sauti zisizo za kibinadamu za Wakuu. Inasema kwamba Oedon hana umbo, yupo katika sauti tu, kwamba damu inayochuruzika ndiyo njia yake na asili yake, na kwamba yeye pamoja na wanaomwabudu bila kujua wanaitafuta damu hiyo kwa siri. Weka karatasi hizo tatu kando kwa kando: damu ya Arianna, kiungamwana cha Arianna na alama ya Caryll. Hakuna hata moja inayosema kwamba Oedon alimpa Arianna mimba kupitia damu, lakini zote tatu zinakutana hapo. Katika daftari langu jambo hilo lina alama ya pili, karibu na ya kwanza, na sioni aibu kulitetea.

Kisha rudia maneno yale ya kuabudu bila kujua. Kila mgonjwa wa Yharnam aliyetiwa damu mshipani, kila mwindaji, na wewe mwenyewe uliyeanza mchezo ukiwa umelala kitandani huku damu ya mtu mwingine ikiingia mwilini, mnaingia humo. Huyu ni mungu asiyehitaji hekalu wala imani. Sijakutana na wazo la kutisha zaidi katika mchezo mzima, na limo ndani ya maelezo ya kifaa ambacho wengi wanakitumia ili kuongeza risasi.

Mpime msemaji kabla ya kuyapima maneno

Kos, mmoja wa Wakuu, ni mfano mzuri wa shida hii. Jina lake, kwa wachezaji wengi, husikika kwanza kinywani mwa Micolash, mtu aliyevaa kizimba cha chuma kichwani na kukimbia huku na huko kwenye vyumba vya ndoto mbaya. Anasali kwa Kos, kisha anajirekebisha kuwa wengine husema Kosm, na anaomba apandiwe macho ubongoni kama alivyofanyiwa Rom zamani. Katika Kijapani jina lenyewe linaanza na sauti ya "g", Goosu. Kwa hiyo tunaye shahidi aliyerukwa na akili, asiye na hakika na jina la anayemwomba, na mwenye haja kubwa ya kupewa. Ungemtupa? Mimi nisingemtupa. Kwamba Rom alipewa macho na Kos hatuna chanzo kingine kinacholisema kwa uwazi huo, hivyo ninaandika "kwa mujibu wa Micolash" na kuendelea mbele.

Ukifika kwenye kijiji cha wavuvi katika The Old Hunters unakuta upande mwingine wa habari hiyohiyo. Kos amelala mchangani akiwa maiti, ametupwa na bahari, na mtoto wake anatoka katika tumbo hilo lililokwisha kufa. Silaha iliyopewa jina la vimelea vya Kos inaeleza kwamba mzoga ulipofika pwani ulikuwa umejaa viumbe vidogo ndani. Okota pia fuvu la mkazi wa kijiji, linalotumika kama kitu cha kurusha. Maelezo yake ni mafupi: ndani ya fuvu mlipekuliwa kwa nguvu kutafutwa macho, na ushahidi ni mikwaruzo na mabonyeo yasiyohesabika. Sala ya Micolash na mikwaruzo ya fuvu ni habari moja. Kile alichokiomba yeye kwa mashairi, wasomi waliomtangulia walikitafuta kwa ncha ya chuma katika vichwa vya watu wasiowahusu. Ukiandika ukurasa wa Kos bila fuvu hilo utakuwa umeandika upande wa waliofanya ukatili peke yao.

Kwa namna hiyohiyo, usimdharau msemaji asiyejua kitu. Mwanasesere wa ndotoni anakuambia kuwa wawindaji wamemsimulia habari za kanisa, za miungu na upendo wao, kisha anauliza kama kweli miungu huvipenda vile walivyoviumba, yeye akiwa ni kitu kilichoumbwa na binadamu. Ni maneno ya kuambiwa, na daftarini yaandikwe hivyo. Lakini alama ya Caryll iitwayo Mwezi inasema kwamba Wakuu wanaoishi katika ndoto mbaya wana huruma, na mara nyingi huitika wakiitwa. Kwa hiyo swali la mwanasesere lina jibu, na jibu hilo linafadhaisha: huenda madhara yote ya Yharnam yalitokana na viumbe waliokubali kila walichoombwa.

Zingatia kile ambacho macho yako yanaruhusiwa kuona

Mchezo una kipimo cha utambuzi, ambacho hupanda unapokutana na mambo ya ajabu na hakizidi 99. Kipimo hicho kinabadilisha dunia inayokuzunguka. Mwanasesere ni kitu kisicho na uhai hadi upate angalau 1. Ukifikisha 40 utamwona Amygdala aliyekumbatia kanisa la Oedon, hata kabla hujamuua Rom, ambaye kifo chake ndicho huwafungulia watu wote pazia hilo. Wakati huohuo, utambuzi unapozidi ndivyo mwili wako unavyoshindwa kuhimili wazimu. Kwa mwandishi wa habari za Wakuu, maana yake ni kwamba lazima uandike ulikuwa na utambuzi kiasi gani ulipoona jambo fulani, la sivyo mtabishana bure na mwenzako ambaye amesimama mahali palepale akaona ukuta mtupu. Ikiwezekana, cheza mara mbili: mara moja ukiutumia utambuzi ovyo ili ubaki mdogo, na mara moja ukiutunza.

Mitego michache nitaitaja kwa haraka. Usichore mti wa ukoo wenye mistari ya wino mzito, kwa kuwa Wakuu si familia ya miungu ya Kigiriki na wengi wao hawaonekani hata kujuana. Mabaki yaliyofukuliwa kwenye faili za mchezo, ambayo watengenezaji waliyaacha nje, yawe kwenye ukurasa wa pekee, kwa sababu kitu kilichokatwa huenda kilikatwa kwa kuwa hakikuwa kweli tena. Na jina ambalo umelisikia kwa mashabiki tu, bila kulikuta mchezoni, lisiingie kabisa.

Kuna pia Mkuu ambaye jina lake la kukosa jina lazima liheshimiwe. Karatasi moja katika jengo la mihadhara inamtaja kama kiumbe wa mwezini asiye na jina, aliyeitwa na Laurence, mwanzilishi wa Kanisa la Uponyaji, na wenzake, na kumalizia kwa neno moja, damu iliyopauka. Ukurasa wa kiumbe huyo uwe mfupi. Andika nani alimwita, andika kwamba hushuka tu kwa aliyetumia vipande vitatu vya kiungamwana na kumshinda Gehrman, mwindaji wa kwanza, kisha uishie hapo.

Mergo ndiye niliyemwacha wa mwisho katika daftari langu mwenyewe. Safu ya umbo haina kitu, kwa sababu haonekani hata mara moja: kuna kitanda cha mtoto, kuna yaya mwenye mbawa na visu, na kuna malkia Yharnam amesimama kwa mbali, gauni lake likiwa na damu tumboni. Safu ya sauti ina neno kilio, pamoja na maelezo kwamba kilio hicho hukoma baada ya yaya kuanguka, wakati skrini inapotangaza kuwa ndoto mbaya imeuawa. Katika safu ya nne, ya kile ambacho msemaji anakitaka, niliandika "mama", na mbele yake nikaweka alama ya kukisia.